Majibu ya Mwenye Damu

Saa tatu na robo asubuhi muuguzi alitoka kumwita binti yangu, nami nikasimama kabla yake. Alikuwa ameposwa na mtoto wa dada yangu, jambo ambalo kwetu Msuka halina maswali. Aliyetaka wapimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mimi. Mdogo wetu alikufa utotoni akilia mifupa, nasi tukimkanda mafuta na kulaumu majini. Tangu hapo nimesoma kila karatasi niliyoipata juu ya ugonjwa ule.

"Wewe kaa, mzee wangu," alisema muuguzi.

"Mimi ndiye babake."

"Najua, hata pua ni yako. Lakini majibu ni ya mwenye damu. Akitaka, atakwambia mwenyewe."

Dada yangu, aliyekaa na mwanawe kwenye benchi, alicheka. "Kaka, leo umepata mlango ambao vitabu havifungui."

Vijana waliingia pamoja, kwa ridhaa yao. Walipotoka, binti yangu alikaa ubavuni mwangu.

"Baba, sote wawili tumeibeba selimundu."

Hawaumwi, wala hawataumwa. Lakini wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto kama mdogo wetu.

"Muuguzi kawakataza?" nikauliza.

"Hakutukataza. Katueleza, kisha kasema uamuzi ni wetu. Tumeamua kuacha."

Niliwatazama. Kitu kisichoonekana kilitoka kwa mama yetu, au kwa baba, sitajua, kikapita kwangu na kwa dada yangu bila sisi kuhisi hata mkwaruzo, kikafika kwa watoto hawa. Na aliyekirithi upande mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Labda ndicho kilichoniacha hai. Haya nilikuwa nimeyasoma mara nyingi. Siku ile niliyaona yamekaa kwenye benchi, yamevaa kanzu na buibui.

Dada yangu hakucheka tena. "Watu wakiuliza? Watasema binti ana ila, asiposwe tena."

"Mama," alisema mwanawe, "sema mimi ndiye niliyekataliwa."

Muuguzi alisikia, akageuza uso.

Mchana nilikwenda Konde kwa mwenye turubai na viti tulivyokodi kwa harusi. Akauliza kulikoni.

"Binti kamkataa," nikasema.

"Watoto wa siku hizi!" Akatikisa kichwa, akanirudishia arubuni yangu yote: shilingi laki moja na ishirini elfu.