Nyapara wa Kalongolongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Nyapara, yaani msimamizi wa wachumaji chai, alinionyesha uwanja uliokuwa kati ya laini mbili za nyumba za wafanyakazi. "Mama Kiprono," akasema, "kazi yako ni moja tu. Hawa watoto wanyamaze."

Nilikuwa yaya wa kambi huko Kericho, miaka ya hamsini. Akina mama walienda shambani na wale wanaonyonya mgongoni. Waliobaki walikuwa wangu. Kunyamaza hawakunyamaza hata siku moja. Ningeanzia wapi? Mkipsigis, Mkisii na Mkikuyu walisukuma ringi moja ya pipa kwenye mteremko, wakashona mpira wa matambara, wakagombana kwa lugha tatu na kupatana kwa Kiswahili kibovu. Mafundi kweli, wale. Nyinyi wajukuu wangu, mkinyimwa simu kidogo mnanuna.

Lakini mchezo wao mkuu ulikuwa kalongolongo, ule wa kuiga watu wazima. Waliiga hata kupima majani: jiwe kwenye kamba ndiyo mizani, gunzi la mahindi mgongoni ndiye mtoto.

Siku moja Nyapara akaja amekasirika. "Nimechoka na hizi kelele. Kesho hapa panawekwa kuni za kiwanda."

Bila uwanja ule wangechezea wapi, kama si barabarani mbele ya lori la majani?

Watoto hawakuwa wamemwona. Chebet ndiye aliyekuwa nyapara siku hiyo, fimbo kwapani, anatupa majani magumu kutoka kwenye vikapu kama Nyapara mwenyewe kabisa. Kisha akaita, "Mama wenye watoto, piteni mbele. Mtoto analia."

Nyapara wetu hakuruhusu hayo. Kwake kila mtu alingoja foleni, hata mvua inyeshe.

"Wewe," akamwuliza, "nani alikuambia nyapara hufanya hivyo?"

Chebet akamtazama. "Mama yangu hufika amechoka. Mimi nikiwa nyapara, anapita."

Nyapara akageuka, akaenda zake. Kuni zilipangwa nyuma ya kiwanda, uwanja ukabaki wetu. Na jioni ya siku ile ile, kwenye mizani, aliwaita wenye watoto mbele, macho yake chini.

Nilikaa pale mpaka nikastaafu. Manyapara walibadilika, na kila mgeni aliambiwa kuwapitisha mbele wenye watoto ni desturi ya kambi, labda iliachwa na meneja fulani. Sikuwabishia. Lakini mimi nilimjua aliyeiweka, na siku hiyo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, mapya hayajaota.