Manowari Niliyoipanda kwa Lifti, na Filimbi ya Mlinzi Wetu

Nilifika kwenye sitaha ya manowari mara moja tu maishani mwangu, na nilifika kwa lifti. Nilikuwa Japani kwa masomo ya uzamivu, na siku hiyo wanamaji walikuwa wamewafungulia raia milango. Tulisimama, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, na mimi, juu ya bamba pana la chuma ambalo siku za kazi hupandisha helikopta kutoka ghala la chini. Kengele ililia, bamba likainuka taratibu, na mara tukawa juani, kwenye uwanja uliofagiliwa vizuri kuliko sebule yangu.

Nilimuuliza baharia aliyetuongoza kama hii haikuwa manowari ya kubebea ndege. Aliinamisha kichwa kwanza. "Hapana," akasema, kwa upole wa mtu aliyeulizwa hivyo tangu asubuhi. "Ni meli ya kusindikiza meli nyingine. Inabeba helikopta." Za kuwinda nyambizi, akaeleza, na za kupeleka maji na mablanketi baada ya tetemeko.

Wapo wanaolicheka jina hilo. Mimi sikucheka. Nchi iliyowahi kuwavamia majirani zake iliandika katika katiba kwamba imeikana vita, na tangu hapo kila chombo inachounda hakina budi kujieleza mbele ya kifungu hicho: wewe ni wa kulinda au wa kushambulia? Niliistahi haya hiyo. Taifa linaloweza kuunda karibu kila kitu, na bado linaona lina wajibu wa kueleza kwa nini limekiunda.

Sitaha ile ilinirudia mwaka huu huku Hillbrow, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika ninakoishi sasa, katika chumba cha kufulia cha jengo letu, ambako kamati ya wapangaji hukutana Jumapili baada ya kanisa. Mwenyekiti ni mimi. Ajenda ilikuwa moja: kumbakiza mlinzi wetu, au kuleta kampuni yenye walinzi wa bunduki. Mlinzi ni Mkongo kutoka Bukavu, mtu wa makamo kama mimi, na silaha yake ni filimbi. Akiipuliza mara tatu, kila nyumba hutoka kwenye roshani na kugonga sufuria mpaka mwizi aone aibu au hofu. Lakini wezi walikuwa wamepora simu langoni mara mbili mwezi huo, moja ikiwa ya binti yangu. Tulikwisha kumwomba mlinzi ajifunze bunduki, akakataa. Kura ikienda na bunduki, angepoteza kazi.

"Dada Mwenyekiti," alisema Mkenya mwenzangu wa ghorofa ya sita, mfanyakazi wa benki, "filimbi ni ya refa. Hawa watu wana bastola."

"We wa benki," akadakia msusi wa ghorofa ya pili, "siku filimbi ililia, sufuria yako ilikuwa wapi? Ulijifungia chooni!"

Kicheko kilipotulia, nikawasimulia habari za meli ile. Nilisema kwamba nguvu inayojiwekea mpaka si unyonge. Mlinzi alinisikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Mama Profesa, ile meli iko na helikopta ngapi?"

"Nyingi."

"Miye niko na filimbi moja. Usinipime na batajiri." Watu wakacheka tena, yeye hakucheka. "Bunduki nilibebaka kule kwetu. Balisema ni ya kulinda kijiji tu. Miye najua penye ilifika."

Uaminifu ulinilazimu kuongeza nisilopenda kulisema: kwamba baadhi ya manowari za aina ile sasa zinarekebishwa zipokee ndege za kivita.

"Unaona!" akasema wa benki. "Hata wao wamechoka na filimbi."

"Huenda," nikamjibu. "Lakini wamebishana miaka mingi, bungeni na barabarani, kabla ya kugusa sitaha. Sisi tunataka kumaliza alasiri moja."

Hata hivyo, moyoni sikuwa na hakika. Nilikuwa bado namwona binti yangu langoni, mikono mitupu.

Mlinzi hakungoja. Alitoka hadi uani, akapuliza mara tatu. Kwanza kimya. Kisha sufuria moja juu, kisha tano, kisha jengo zima likaanza kunguruma. Watoto walipiga vifuniko, mwanamke mmoja alitoka na povu la sabuni nywelani, na barabarani wapita njia wakasimama wakitazama juu. Mlinzi alipitisha kidole chake ghorofa baada ya ghorofa, kama mwalimu anayeita majina.

"Ya sita, kimya," akatangaza.

"Mke wangu yuko kazini!" wa benki akajitetea.

Nilisimama uani chini ya kelele ile, na kwa mara ya kwanza tangu wizi ule nikahisi kwamba binti yangu ana watu. Tuliporudi ndani niliitisha kura, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuinuka. Mlinzi alibaki, na tukakubaliana kubadilisha lango.

Jumatatu nilikutana na wa benki kwenye ngazi, ana sufuria mpya kwapani, kubwa, ya kupikia harusini.

"Usiseme kitu, Dada," akaniambia.