Mdakaji Bora wa Miaka ya Sabini

Kila asubuhi, katika mkahawa mmoja wa Cincinnati, Delbert Haas alibishana na rafiki yake Orrin kuhusu mdakaji bora wa besiboli wa miaka ya sabini. Delbert alishikilia kuwa ni Bench, wa timu ya nyumbani. Orrin, mzaliwa wa Boston, hakusikia la mtu kuhusu Fisk wake, mdakaji wa timu ya Boston. Orrin alipofariki, Delbert akawa anakunywa kahawa peke yake.

Siku moja mgeni akaketi kando yake, akatazama picha ya Bench ukutani. "Mzee, Bench hakuwa na mpinzani, au siyo?"

"Wee! Fisk unamjua?" Delbert akafoka, akamwaga hoja zote za marehemu.

Mgeni akacheka. "Haya mzee, umeshinda." Akaaga.

Delbert akabaki anakodolea macho kiti kitupu, akitamani mtu wa kumbishia.