Mgeni Niliyemkaribisha Bruges

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na miwani yangu usoni. Nimefundisha historia kwa miaka mingi hapa Kalemie, wala si mwepesi wa kusadiki habari za vivuli. Nisikilizeni tu, kisha mniite mnavyotaka.

Nilikuwa nimekwenda Ubelgiji kumngojea binti yangu Furaha ajifungue. Siku moja akanitembeza Bruges, mji wa kale ambao mifereji ya maji hupita kati ya nyumba kama barabara. Tulitazama mnara wa kengele, tukaingia makanisani, tukapanda mashua ya watalii. Furaha, kwa tumbo lile, akachoka. Tukaingia mkahawa ulio ukingoni mwa mfereji, tukaagiza samaki.

Sahani zilipofika, Furaha alikuwa amekwenda msalani. Nikainua macho, nikaona mwanamke mzee, mweusi kama mimi, amesimama mlangoni akiitazama meza yetu. Kwetu, mtu akikukuta unakula, unafanya nini? Unamkaribisha. Hakuna anayefikiri kabla ya kulitamka neno hilo. Hutoka lenyewe kama chafya. Nami, katikati ya Wazungu, nikasema, "Karibu, Mama, tukule."

Mtu mwenye adabu hujibu kwamba ameshiba, na mkaribishaji mwenyewe huitegemea adabu hiyo. Huyu aliketi. Akamtazama samaki, akauliza kama ni kuhe. Nikamwambia kuhe yuko ziwani kwetu Kalemie tu.

"Njo maana hana mafuta," akasema.

Aliinama juu ya sahani yangu kwa muda, mikono mapajani. Akanieleza kwamba alizaliwa Albertville, jina la kikoloni la Kalemie ambalo hata mama yangu alikuwa amekwisha kuliacha, na kwamba madamu mmoja alimleta huku kulea watoto wake. Nikamuuliza alirudi nyumbani lini mara ya mwisho. Akasema hakuna aliyemrudisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba sakafu chini ya miguu yake imelowa, na nje jua lilikuwa likiwaka.

Furaha aliporudi alimsalimu vizuri, kama nilivyomlea. Mzee akainuka, akaaga, macho yake yakiwa kwenye tumbo la binti yangu.

"Mutoto anisindikize kidogo."

Desturi yetu mnaijua. Mgeni aliyekula mezani kwako haishii mlangoni; unakwenda naye njiani mpaka yeye mwenyewe akuambie urudi. Na anayeinuka ni kijana. Furaha alikuwa ameshashika mkoba wake. Nikamwambia akae.

"Mgeni ni wangu," nikasema.

Tukatembea kando ya maji. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Nilingoja aniambie nirudi. Hakusema. Tukafika kwenye ngazi za mawe zinazoshukia mferejini. Akashuka, nami nikashuka naye. Niaminini, si kwamba sikuogopa. Miguu yangu ilimtii mgeni kuliko ilivyonitii mimi. Maji yaliponifika vifundoni, nikakumbuka kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Nikafungua kitambaa cha kitenge kichwani mwangu, nikamwekea mkononi.

"Mama, uwapelekee watu wa nyumbani."

Alikikunja polepole, pembe kwa pembe. "Sasa njo nimesindikizwa," akasema. "Rudia hapa, mwanangu." Akaendelea kushuka, na maji hayakutikisika.

Furaha aliniuliza kwa nini viatu vyangu vimelowa. Samaki wangu alikuwa mzima sahanini, hakuna aliyemgusa. Nikamwonja. Hakuwa na ladha yoyote, hata ya chumvi.

Mjukuu wangu alizaliwa salama. Mimi nilirudi Kalemie, na tangu hapo mtu akinikuta nakula, ulimi wangu huwa mzito. Mimi humuuliza kwanza jina lake na ukoo wake. Majirani wanasema nimerudi na uchoyo wa Ulaya. Mmoja alisimama mlangoni nikila ugali, akauliza, "Mama Furaha, nilete kadi ya uchaguzi unitambue, njo unipe bukari?" Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nikitazama sakafu chini ya miguu yake.

Nawe ukisafiri, karibisha. Siwezi kukukataza lililo letu. Lakini uwe na kitu cha kumfungashia mgeni, na mtu usiyemjua asisindikizwe na mwanao.