Ribiti Iliyolala Upande Mmoja

Kwa wiki tatu Grizel Purdie alimzidishia mumewe chumvi kwa makusudi kwenye uji wa shayiri, kila asubuhi kidogo zaidi kuliko jana yake, na kwa wiki tatu Dugald alikula mpaka akakomba bakuli bila kusema neno. Mwanamke mwingine angeshukuru kupata mume asiyelalamika. Grizel aliogopa. Alimjua bwana huyu vizuri: chumvi ikizidi au ikipungua chembe mbili tu, jengo zima lilipata habari.

Dugald mwenyewe hakuwa na huzuni, wala hakuwa na chochote. Alikufa ganzi, basi. Aliamka, akavaa buti, akashuka ngazi pamoja na wanaume wengine wa mtaa wa Govan, akaingia lango la kiwanda cha meli, akafanya kazi, akarudi. Ukimwuliza habari, alisema nzuri.

Kazi yake ilikuwa kugonga ribiti, vile vipande vinene vya chuma mfano wa misumari. Nanyi mnaopanda meli kubwa za kwenda Amerika mnasifu ngazi za mwaloni na vioo vya ukumbi wa chakula. Haya, sifuni. Lakini hakuna aliyevuka bahari kwa kushikilia kioo. Meli ni mabamba ya chuma, na mabamba yanashikwa na ribiti. Ribiti inatoka motoni ikiwa nyekundu, inatumbukizwa kwenye tundu kutoka ndani ya meli, mzee Ninian Lumsden wa kikosi chao anaikandamiza huko ndani kwa nyundo yake nzito, na huku nje watu wawili wanaiponda ncha mpaka ilale sawasawa na bamba. Mmoja anatumia mkono wa kulia, mwenzake ni mashoto, ili nyundo zisigongane. Pigo la huyu, pigo la yule, haraka, kabla haijapoa. Ikishapoa, kazi bure.

Mashoto wa Dugald alikuwa Wattie Gilfillan. Miaka kumi na saba walisimama ubao mmoja. Masikio yao yalishakufa kitambo, kama ya kila mgonga ribiti, hivyo walizungumza kwa kutazamana midomo.

"Dugald, hiyo ni nyundo au kijiko cha chai?" Wattie alikuwa akisema.

"Gonga kazi, mashoto wee! Mkeo ndiye aliyekuzoesha kulala."

"Mke wangu? Yeye akigonga ribiti, wewe utatafuta kazi ya kuuza samaki!"

Siku nenda siku rudi, maneno yale yale, na bado walicheka. Sijui wengine huita nini kitu hicho. Sisi tuliita jozi.

Jumanne moja, kabla ya zile wiki tatu za chumvi, kulikuwa na barafu nyembamba kwenye mbao za jukwaa la kazi. Walikuwa mbele ya meli, juu, futi sitini kutoka ardhini. Ribiti ilitokeza, nyekundu kabisa. Dugald akapiga, Wattie akapiga, Dugald akapiga. Pigo la Wattie halikuja.

Dugald alikasirika. "Umelala, mvivu wewe?" alisema, hata kichwa hakugeuza, kisha akapiga. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, kwa kuwa chuma kilikuwa bado chekundu, na mikono ya mgonga ribiti haiachi chuma chekundu. Ndipo akageuka. Pembeni yake ubao ulikuwa mtupu, na kule chini watu walikuwa wanakimbia.

Kiwanda kizima kiliweka nyundo chini na watu wakaenda makwao, kofia mkononi, ndivyo inavyofanywa mtu akifa kazini. Wattie akazikwa Ijumaa. Jumamosi nyundo zikaanza tena.

Siku hiyo hiyo mkaguzi alipita na kinyundo chake, akigonga ribiti moja moja, na penye mbovu akazungusha chaki. Kule mbele ya meli alizungusha moja tu. Sheria ya kazi ni hiyo: ribiti iliyozungushiwa chaki, kikosi kilichoigonga ndicho kinachoing'oa na kuweka nyingine.

Nyapara, Bwana Lorimer, alipanda jukwaani mwenyewe. "Purdie, ile pale ni mbovu," akasema, kisha akatazama vizuri ni ipi, akavua kofia. "Acha. Nitamtuma mtu mwingine."

"Ni yangu," Dugald akasema.

Akaikata, akaisukuma nje, akaitazama kiganjani. Upande wa kulia ulikuwa umelala vizuri kama sarafu. Upande wa kushoto ulikuwa umeinuka, karibu kama ulivyotoka motoni. Angepaswa kuitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Aliitia mfukoni mwa kizibao na hakumwambia mtu.

Wakampa mashoto mwingine, Tam Kilgour wa Greenock, kijana mzuri, hodari. Walimaliza safu zilizobaki bila kosa. Tam alijaribu utani siku mbili, akakoma.

Jumapili ya tatu, mjane wa Wattie, Effie, alibisha mlango. Effie ni binti wa mgonga ribiti, alikulia katika nyumba za viziwi, kwa hiyo alikaa moja kwa moja mbele ya Dugald, usoni pake pakiwa na mwanga wa dirisha.

"Shemeji," akasema polepole, "Alhamisi meli inashushwa majini. Lango litafunguliwa kwa familia. Nataka unionyeshe ribiti ya mwisho ya Wattie. Nijue ni ile pale. Basi, sitaki kingine."

"Sawa, shemeji."

Alipoondoka, Grizel akamshika mumewe kidevu, akamgeuza amwone midomo. "Utamwonyesha?"

"Zipo milioni tatu, Grizel."

"Sikukuuliza ziko ngapi."

Dugald akainama kufunga buti. Lakini siku nne zilizofuata alilifikiria jambo hilo moja. Kunyoosha kidole kungetosha. Nani angebisha? Ribiti zote ziko sawa, na Effie angeenda nyumbani na kitu cha kukumbuka. Ukweli ungehitaji kusema yale mapigo matatu, na mapigo hayo matatu hakuwa amemwambia hata Grizel. Wala hakuogopa, hilo ndilo lililomshangaza. Alilipima tu, kama mtu anayechagua buti.

Alhamisi Govan yote ilihamia kiwandani. Jukwaa lilikuwa limeshabomolewa na meli ilisimama peke yake, imepakwa rangi, inaziba anga. Effie alivaa nguo nyeusi. Dugald alimpeleka mbele ya meli, mahali penyewe, na wote wawili wakainua vichwa.

"Ipi?" Effie aliuliza.

Dugald akanyoosha kidole. Macho ya Effie yakakifuata kidole juu, yakitafuta, na uso wake ukaanza kulegea. Ndipo Dugald akashusha mkono.

"Haipo kule," akasema. "Ninayo mimi."

Akaitoa kizibaoni, akamwekea kiganjani. "Huu upande wangu. Huu ndio wake, hakuufikia. Alipoanguka sikusikia, Effie. Nilidhani anazembea. Nikamwita mvivu, nikaendelea kupiga. Mara tatu. Ndipo nikageuka."

Effie alipitisha kidole gumba kwenye upande ulioinuka, akakirudisha, akakipitisha tena. "Mara tatu?"

"Tatu. Ilikuwa bado ya moto."

Effie akasema kitu, lakini midomo ilimtetemeka mno.

"Rudia, shemeji. Sijaona."

Akajifuta kinywa kwa kiganja, akamtazama. "Nimesema, angekuwa yeye, angepiga nne."

Nyuma yao watu wakarusha kofia. Dugald hakusikia vifijo, aliona tu midomo imefunguka kila mahali, na ardhi ikatikisika chini ya buti. Meli ikaondoka, kwanza taratibu kama haijaamua, kisha mbio, na pale ilipokuwa pakabaki mbingu tupu. Effie aliitia ribiti kwenye mkoba wake, akaufunga, akamshika Dugald mkono wakatoka langoni.

Asubuhi yake Grizel akaweka bakuli mezani. Dugald akatia kijiko kinywani, akatema.

"Mungu wangu, Grizel! Huu ni uji au maji ya bahari?"

Grizel akaketi papo hapo, akajifunika uso kwa aproni. Dugald alimtazama mabega yanavyotikisika, asielewe amekosa nini. Kisha kijiko kikamponyoka, na akaanza kumlilia Wattie.