Moduli ya Utepe Mwekundu

Siku tisa Fundi Qiu aliliunda sanduku lake la kupimia moduli za sauti, vibao vidogo vya umeme vya kutolea sauti, akipanga sindano za shaba moja moja hata kula akasahau. Unalaza moduli juu ya sindano, unabana mfuniko. Taa ya kijani ni nzima, nyekundu ni ya kutupwa. Ilibaki kuchagua moduli moja ya mfano, ambayo nyingine zote zitalinganishwa nayo. Pale kiwandani mjini Dongguan kazi ya kupima ilikuwa ya masikio ya Qiu kwa miaka ishirini na miwili, na kabla ya sanduku hilo, ole wake aliyemtajia mashine. Akasikiliza kumi, akachagua moja, akaifunga utepe mwekundu.

Kesho yake asubuhi taa nyekundu ziliwaka mfululizo. Moduli mia tatu zikaishia pipani.

"Sanduku lako limeingiwa na wazimu, Fundi," alisema Lizhen, msimamizi wa zamu.

"Wazimu mnao nyie, mnaolehemu kama mnakoroga uji!"

Lizhen akavaa hedifoni, akachomeka waya wake kwenye moduli moja ya pipani, akasikiliza, kisha kwenye ile ya utepe.

"Za pipani ni nzima, Fundi. Hii yako ndiyo inayopiga mluzi, mwembamba kama mbu. Huusikii?"

Qiu akampokonya hedifoni, akazikandamiza masikioni mpaka yakauma. Wasichana wote wa kulehemu wakaacha kazi, wakamtazama.

"Eeh," akasema hatimaye. "Sasa nausikia. Mwembamba kweli."

Lizhen aliinama, akaokota sakafuni ncha ya waya wa hedifoni, iliyochomoka kwenye moduli Qiu alipompokonya, akamwekea mkononi.