Jina Alilonong'ona

Asubuhi ile upepo wa ziwa ulikuwa umetusinzisha sote kwenye benchi la zahanati, hapa Kisumu. Karani akaita jina la kiume. Akainuka dada mwenye gauni la kijani, akitetemeka kwa homa.

"Nimeita mwanaume," karani akasema.

"Ni mimi. Kitambulisho ndicho hakijabadilishwa."

Watu wakacheka. Karani akaiweka kadi ya dada chini ya zingine zote, akaita mwingine. Dada akakaa polepole, kama mtu anayezama.

Mama mmoja, muuza samaki wa soko la Otonglo, akamsogelea. "Nyathina, mwanangu, wewe unaitwa nani?"

Dada akamnong'oneza. Mama akalitamka jina hilo kwa sauti, mara mbili, mpaka daktari akafungua mlango na kusema, "Aingie."

Mimi mwandishi, ninayeishi kwa maneno, sikuwa nimetamka hata moja.